Mwombaji wa Mfano

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa Mama. Najua una kawaida ya kumsomea Mama barua zangu kwa sauti, lakini hii nakuomba uisome kwanza peke yako, mlango ukiwa umefungwa. Vidonda vya mgongoni mwake vimekauka? Na kiuno chako, bado kinakuuma ukimgeuza kitandani? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni ipi hasa, nikakutania kwamba nafundisha mahakimu wasio na mahakama. Ukweli ni huu. Mfuko wetu wa ufadhili wa masomo hupokea maombi mengi kuliko tunavyoweza kuyasoma, kwa hiyo watu wa nje hujitolea kuwa waamuzi: wauguzi, wahasibu, walimu wastaafu. Kabla hawajagusa ombi la kweli, hupitia mafunzo ya mtandaoni niliyoyatengeneza mimi. Humo mna maombi ya mfano. Mwamuzi mpya husoma, hutoa alama, kisha kompyuta humwonyesha alama zangu. Zikiachana sana, anarudia somo mpaka zikaribiane.

Mkuu wangu, mama mkali lakini mwenye haki, alitaka mfano wa ombi linaloomba huruma tu bila kuonyesha uwezo. Alisema waamuzi wapya wana machozi ya karibu mno. Nikamwandikia mifano, akairudisha yote, akidai inanuka ofisi, haina mtu ndani yake. Muda ulikuwa umenibana. Nikakaa tena, nikaandika mwingine bila kuinua kichwa, na huo akausifu mbele ya wenzangu wote. Nilifurahi, Dada, nisikufiche. Nilivimba kichwa.

Mwanzoni waamuzi wengi waliupa alama za juu. Mwalimu mmoja mstaafu aliniandikia kwamba haoni kosa la binti yule wa kwenye mfano, na kwamba kumuuguza mtu huku unasoma nako ni uwezo. Nilimjibu kwa adabu zote kwamba arudie somo. Akarudia, akatoa alama nilizozitaka.

Sasa nije kwa mwanao, Chiriku wetu. Uliponipigia simu ukilia, uliniambia mfuko umemkataa kwa udanganyifu na kumfungia asiombe tena, kwamba anaapa hajanakili popote, na kwamba baba yake hasemi naye kwa aibu aliyomletea. Hata wewe, ulisema, umeanza kumtilia shaka, na mtoto aliyekuwa haishi maneno sasa anakula kimya na kuondoka. Ukaniomba nichunguze. Nikakujibu kwamba siruhusiwi kugusa ombi la ndugu yangu. Ni kweli siruhusiwi, lakini sababu niliijua kabla hujamaliza kueleza.

Mfano ule ni nyumba yenu, Dada. Binti anayesoma kemia kwa sauti kando ya kitanda cha bibi yake aliyepooza, bibi asiyeweza kusema, anayemfinya kidole akitaka arudie na kukiachia akichoka. Niliyaona hayo nilipokuja likizo, nimekaa na chai yangu, natazama mtoto wako akimuuguza mama yangu mimi. Nikabadili kemia ikawa historia, nikadhani nimeficha. Chiriku naye alipoandika maisha yake mwenyewe, waamuzi niliowafundisha wakayatambua, wakaripoti kwamba ameiba mfano wetu. Chiriku hakunakili. Aliyenakili ni mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Basi ndiye huyu anayekuandikia.

Nimeshamweleza mkuu wangu kila kitu. Hakufoka. Aliniuliza tu kwa nini nilinyamaza tangu majibu yatoke, nikamwambia niliogopa kupoteza kazi. Sasa nimesimamishwa, na sina la kulalamika. Chiriku amefunguliwa, na barua ya kumwomba radhi iko njiani. Ila nafasi za mwaka huu zimekwisha kugawiwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka wake mzima nimeula mimi.

Mwambie shemeji azungumze na mwanawe leo hii, asingoje barua ya ofisi. Mama mwambie au usimwambie, wewe ndiye unayejua afya yake. Nitakuja kumuuguza nikiruhusiwa mlangoni, ili mtoto apate muda wa kusoma. Ukinikatalia nitaelewa.

Wasalimie wote ambao bado watazipokea salamu zangu. Chiriku akiuliza huyo mama mdogo wake, aliyemwona kwa macho yake, alimpa alama ngapi, usimfiche. Nilimpa mbili kwa kumi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba