Tluway Alipomwita Mungu Mama

Mjukuu wangu Neema,

Huku Rhotia tu wazima, maharage yamechanua, babu yako anakohoa kidogo tu.

Umeuliza kwa nini watu walimchukia malenga Tluway. Nilikuwa msichana siku aliposoma shairi kanisani, akimwita Mungu Looaa, mama yetu, kama walivyomwita mababu. Mzee wa kanisa akafoka, "Unatuletea upagani!" Nikadhani wazee wa mila watampokea. Nao wakamfukuza: "Umempeleka Looaa kwenye dini ya wageni!" Akahamia Karatu, asisome tena mbele ya watu.

Siku ile kanisani mama yangu naye alimzomea Tluway, pamoja na waumini wenzake. Jioni ile mdogo wangu alishikwa na homa, nikamsikia mama akinong'ona, "Looaa, mponye." Hadi leo nachanganyikiwa: kama naye alisali hivyo, kwa nini alimzomea?

Nakuombea kila siku. Jina ninalomwita Mungu nabaki nalo moyoni.

Bibi yako