Baba Paskalina, Mtoto Amejua Kusoma

Baba Paskalina,

Nilitaka kuanza kwa kukujulia hali, kama wanavyofanya watu wenye adabu, lakini mkono umekataa. Nina hasira na wewe. Natanguliza hilo mapema usije ukafika katikati ya barua ukadhani natania. Nimeiandika wazi, anayetaka aisome, kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu kuanzia Karatu hadi geti la Ngorongoro kuna nyumba nyingi kama yangu, zenye mtoto anayechungulia barabarani kila gari la watalii likipita.

Habari ni hii: mwanao amejua kusoma. Anasoma vizuri, kwa sauti, bila kuruka neno. Ungekuwa baba wa kuonekana nyumbani ningekuambia njoo tufurahi.

Unakumbuka tulivyoanza? Alikuwa na miaka minne, na wewe ulikuwa bado unarudi Ganako kila ukimaliza safari ya kuwatembeza watalii. Ulimletea zile karatasi wanazopewa wageni, zenye picha za wanyama, ukamwandikia kwa kalamu chini ya kila picha: twiga, nyumbu, kiboko. Mimi nilikuwa nachagua maharage. Ukachota maharage kiganjani, ukayapanga kwenye ungo mpaka yakawa herufi P, ukamwambia jina lako linaanzia hapa. Mwezi ule hatukupika maharage ambayo hayajawahi kuwa herufi. Ulipokuwa huna safari ulimtoa uani mkasoma namba ya gari lako, herufi moja moja, tarakimu moja moja, akakushika shati asianguke kwa kucheka.

Mimi nilikuwa na haraka. Akikwama kwenye ile "ska" ya jina lake, namtajia. Ukanikataza. Ulisema, "Usimtajie, Mama Paskalina. Mgeni nikimwonyesha simba kwa kidole, jioni ameshamsahau. Nikimpa darubini akamtafuta mwenyewe, anaondoka naye mpaka kwao." Siku ile nilikupenda sana, acha niseme ukweli. Nilijiona nimeolewa na mtu mwenye akili. Tangu hapo akikwama nikawa nabana mdomo mpaka alipate neno mwenyewe, hata kama mboga inaungua.

Halafu msimu wa wageni ukaja, ukaisha, na wewe hukurudi. Zikawa wiki mbili, ukawa mwezi, mwishowe zikabaki meseji. Niko Serengeti. Niko Ndutu, mtandao shida. Niko mpakani huku Ololosokwan na wageni, nikitoka nitapiga. Kazi ya kufundisha ukaniachia mimi, mwanamke wa darasa la saba, mwenye shamba la vitunguu na mbuzi wawili. Sikulalamika. Nilimfundisha nikipalilia, nikipika, nikimsuka nywele. Ba, be, bi, bo, bu, kutwa nzima, mpaka nadhani hata wale mbuzi wangefaulu mtihani.

Sasa nakuja kwenye linaloniuma. Kila meseji yako ilipoingia, mtoto alikuja mbio, akanikalia magotini, akanitazama mdomo. Ningefanyaje? Ulikuwa umeandika maneno sita, saba, na hakuna hata moja lake. Nikaanza kumsomea visivyokuwepo. Nasoma "niko Ololosokwan", halafu naendelea bila kupepesa macho: msalimie Paskalina, mwambie leo nimeona tembo anamwogesha mtoto wake, mwambie nampenda sana. Siku nyingine nilikupa fisi walioiba kiatu cha mgeni, siku nyingine mvua na gari lililozama kwenye tope mpaka mlangoni. Alicheka mpaka akashika tumbo. Miaka miwili nimekutungia ubaba, na ulikuwa ubaba mzuri, na wewe hukujua hata kama unao.

Siku ya mnada tulikwenda Karatu na vitunguu vyetu. Asubuhi hiyo hiyo ulikuwa umeniandikia kwamba uko Ololosokwan. Nikamsomea, na tembo juu yake. Tulipomaliza kuuza tukakatisha nyuma ya soko, pale kwenye nyumba ya wageni yenye geti la bluu. Uani kulikuwa na gari, limeoshwa, milango imeachwa wazi ikauke. Mimi nilipita. Magari ya watalii Karatu yamejaa na nilikuwa nimechoka. Paskalina hakupita. Alisimama getini, akainua kidole, akaisoma namba mpaka mwisho, kisha akairudia tangu mwanzo.

"Mama, hili ni la baba."

Nikamwambia magari yanafanana, twende zetu. Akanijibu kwamba magari yanafanana, lakini namba hazifanani. Nilimshika mkono nikamvuta mpaka dukani kwa Bi Zuhura, yule mama anayetuuzia madaftari, akatupatia benchi tukakaa.

Paskalina akaomba simu. Nikampa. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa, labda nilikuwa nimechoka kukubeba. Akafungua meseji yako, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, kama anavyosoma daftari. Lakini kioo cha simu si daftari. Kidole kikasogea na maandishi yakasogea nacho, ikatokea meseji ya wiki iliyopita, ikatokea ya mwezi uliopita. Akashtuka, kisha akaelewa namna ya kuzivuta, akaendelea. Sikumzuia. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa hasomi tena, alikuwa anatafuta. Neno analolijua kuliko maneno yote duniani ni jina lake. Alizimaliza zote, za miaka miwili, mpaka kioo kikakataa kwenda zaidi.

"Mama, mimi niko wapi?"

Bi Zuhura akaingia ndani akajifanya anapanga sabuni. Mimi nikaichukua simu, nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Basi, Baba Paskalina, mtoto amekugundua mwenyewe. Hakuna aliyemwonyesha kwa kidole. Na ulisema kweli, mtu akitafuta mwenyewe hasahau, maana hakuna siku ametaja tena tembo wala fisi. Niliulizia baadaye, lakini sitaki kuandika hapa ulikuwa pale kwa nani na tangu lini. Hayo ni yetu sisi wawili na nitakuuliza ana kwa ana, ukipata uso wa kuja nao. Haya ninayoandika ni ya mtoto.

Aliacha kusoma. Shuleni akipewa kitabu anasema hajui. Nikileta ungo anayavuruga maharage kwa kiganja, anaondoka. Mwalimu wake aliniita akauliza kama mtoto aliugua, maana alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono na sasa anatazama dirishani. Nikamwomba Paskalina nyumbani, nikambembeleza, mstari mmoja tu mwanangu. Akaniambia, "Wewe unasoma vitu ambavyo havipo." Hakupandisha sauti. Alisema, kisha akaenda kuwafunga mbuzi.

Unajua inavyokuwa, kuitwa mwongo na mtoto uliyemfundisha kusoma? Na hakunisingizia. Hasira nyingine humu ni yangu juu yangu mwenyewe, siikatai, nitaibeba. Nilipaswa kumwambia mapema kwamba baba hajaandika kitu. Lakini nani alinifikisha hapo? Mimi nilidanganya ili mtoto asikupoteze. Wewe ulidanganya ili ulale Karatu, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka kitandani kwake. Usithubutu kutuweka kwenye kapu moja.

Kumrudisha kwenye kusoma kumenichukua msimu mzima wa vitunguu. Nilimwambia: mimi nasoma, wewe kagua, nikiongeza neno nikamate. Tukaanza na pakiti ya majani ya chai. Tukaenda kwenye maelezo ya dawa ya wadudu, tukaja kwenye tangazo la kigango lililobandikwa mlangoni pa kanisa. Mwanzoni alisimama mbali, mikono nyuma. Siku ya tatu nikaruka neno kwa makusudi, akanikamata pale pale, na kwa mara ya kwanza akaja karibu kunionyesha nilipoliruka. Sasa anakagua kila kitu kama trafiki anavyokagua leseni. Amerudi kunyoosha mkono darasani. Lakini magotini kwangu harudi tena, na kile kicheko chake sijakisikia, na hilo sina namna ya kumfundisha upya.

Kwa hiyo nisikilize. Mimi sikusomei tena. Ukiandika, mwandikie yeye, na jina lake liwepo, herufi zote. Ukiwa Karatu, andika Karatu. Kama huna la kumwambia, mwambie huna, atalisoma na atalivumilia, nimeona anavyovumilia. Na usimwandikie habari za tembo. Tembo walikuwa wangu.

Barua hii, mpaka hapo juu, amekwisha kuisoma yeye kabla yako. Nilimpa jana akiwa ametoka shule, akakaa kwenye kizingiti, akaikagua tangu juu. Alinigombeza kwamba sikukuwekea shikamoo yake, akaiandika mwenyewe pembeni, ipo, utaiona. Maneno ya hasira aliyapita, akaendelea. Chini kabisa, kwa mazoea, nilikuwa nimeandika kwamba pamoja na yote haya, baba anampenda Paskalina. Hapo akasimamisha kidole. Nikadhani amekwama kwenye neno.

Hakuwa amekwama. Aliniomba kalamu.

"Hapa tufute, mama," alisema. "Hili hatulijui."

Akaukata mstari wote mwenyewe, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mimi,
Mama wa mwanao,
Ganako.