Pikipiki Inayonyamaza Darajani

3 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hujambo huko? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila magoti yananung'unika, na hayo nimeshayazoea kama wapangaji wasiotaka kuhama. Anayeandika ni Mama Vifungo, fundi cherehani jirani yangu. Mimi nasema, yeye anatia kwenye karatasi. Nimemwambia asinipambie maneno. Nikisema mjinga, aandike mjinga.

Tangu dereva wa lori aondoke na pikipiki ya babu yako, ghalani limebaki doa la mafuta na harufu isiyotoka. Nilikupa kwa sababu uliniganda kama kupe, na kwa sababu ukoo mzima ni wewe tu uliyetaka kuitengeneza. Wengine wote walitaka iuzwe chuma chakavu. Sasa sikiliza. Jua likianza kuzama naisikia. Inatoka mbali, inafika darajani, inanyamaza. Kila siku. Mama Vifungo anasema ni pikipiki za watu. Pikipiki za watu zinalia kama mbu. Ile ilikohoa kama mzee aliyeingia kwenye pipa. Siwezi kuisahau.

Unaifanya nini huko? Usinifiche. Mimi mlango natia komeo mapema. Babu yako akitaka kuingia, akalale kwa huyo mwanamke wake.

Bibi yako

11 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yamepunguza kelele. Mimi mzima, kifua kilikuwa moshi wa kuchomelea tu.

Pikipiki iko chumba cha nyuma, kile kilichokuwa jiko. Nimeipandisha juu ya makreti mawili, na injini iko juu ya meza ninayolia chakula. Tope la mto lilikuwa limeganda mpaka ndani ya taa ya mbele, nikakuta humo ganda la konokono. Hakuna aliyewahi kuigusa, naona, kila kitu kimeshikwa na kutu pale pale kilipokuwa. Kabla ya kufungua chochote nakichora kwa chaki ukutani jinsi kilivyokaa, nisije nikakirudisha kichwa chini. Ukuta wote sasa ni michoro. Mwenye nyumba akiingia atadhani nimerogwa.

Gurudumu la nyuma lilikataa kuzunguka. Nilidhani ni kutu, kumbe gia imeingia, iko ya tatu.

Bibi, mwanamke gani? Mama aliniambia Babu alichukuliwa na maji. Na unieleze alivyokuwa akiiendesha na ilivyolia, maana kabureta ya zamani hivi siwezi kuipanga kwa kubahatisha.

Mjukuu wako

19 Februari

Mke mwenzangu,

Salamu zako nimezipata, na sabuni nimeipata, harufu yake kama bibi harusi. Mama yako yuko salama. Alikuambia mambo ya maji kwa sababu ndivyo alivyotaka yawe. Hata yeye hajui. Alikuwa wa kubebwa mgongoni.

Siku ile tuligombana asubuhi. Yeye alikuwa na kosa na mimi nilikuwa na mdomo. Akachukua begi la nguo, akapanda pikipiki, akaondoka. Jioni mvua ikanyesha, mto ukafurika. Hakurudi. Maji yalipopungua, shemeji yangu akaikuta pikipiki chini ya daraja, imezama topeni. Mtu hayumo. Shemeji akasema ameisukuma mtoni makusudi ili tudhani amekufa, na kwamba yeye mwenyewe alimwona mjini akishuka basi na mwanamke. Watu wakaamini. Mwanamke aliyeachwa anachekesha kuliko mjane. Nimechekwa kisimani mpaka waliokuwa wananicheka wakafa. Mimi pikipiki niliitia ghalani nikafunga, nikakataza mtu asiiguse.

Umeniuliza alivyoiendesha. Akienda, ilinguruma mpaka inapotelea. Akirudi, hapana. Mama yako alikuwa mtoto wa kulia, ukishamlaza hutaki hata kuku apige chafya. Kwa hiyo babu yako akifika darajani alifunga petroli, kile kikoki cha chini ya tangi, huku anaendelea kwenda. Injini inamalizia kilichobaki, inakata pale kwenye kona, halafu anateremka kimya mpaka mlangoni. Nasikia mnyororo tu, tik tik tik. Hapo nilikuwa nimeshateleka maji yake ya kuoga.

Mama Vifungo anasema karatasi inaisha. Ile sauti bado inafika darajani.

Bibi yako

2 Aprili

Shikamoo Bibi,

Naomba unisamehe kukaa kimya. Sijaugua. Barua yako ilinikuta nikisugua tangi, nikaisoma nimesimama, halafu nikageuka kuutazama ukuta.

Bibi, koki niliichora Januari, kabla sijajua chochote. Sikio lake limelala pembeni. Imefungwa. Imeshikwa na kutu hivyo hivyo, nilihangaika nayo siku tatu kwa mafuta na moto ndipo ikakubali.

Nilijizuia kukuandikia mpaka nijue sijidanganyi. Mtu akiegesha pikipiki hufunga koki, kweli. Lakini iliyoegeshwa gia huwa huru. Na anayetaka kuisukuma mtoni lazima aiache huru, maana ikiwa kwenye gia ya tatu gurudumu halikubali, utavunjika mgongo. Hii ilikuwa inatembea, Bibi. Inatembea kwa gia ya tatu, darajani, petroli imefungwa. Nimemweleza fundi mkuu kazini bila kumwambia ni ya nani. Akacheka, akasema, "Huyo alikuwa anafika kwake."

Alikuwa anarudi nyumbani.

Mjukuu wako

10 Aprili

Mke mwenzangu,

Mimi mzima. Barua imesomwa, nikamwambia Mama Vifungo asome tena, akasoma, nikamwambia tena, akasema sauti imemkauka. Hilo doa hapo juu ni machozi yake, si yangu. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

Halafu nikaenda kaburini kwa shemeji, nikamsema mpaka mchunga mbuzi aliyekuwa karibu akahamisha mbuzi wake.

Komeo la mlango nimeling'oa. Nimelitia kwenye banda la kuku, wao ndio wana adui.

Bibi yako

21 Aprili

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Kwanza nijibu. Hivi ni adabu gani, kufika mlangoni kwa bibi yako na kugeuza bila kuingia?

Juzi jua linazama nimeisikia ikija. Ikafika darajani, nikasema sasa itanyamaza. Haikunyamaza. Ikaja mpaka kwenye kona, ndipo ikakata. Halafu mnyororo, tik tik tik, ukaja mpaka hapa. Nikajua umemaliza kazi, umekuja kunionyesha. Nilikuwa nimeshateleka maji. Hata sijui niliyateleka saa ngapi, mikono ilifanya yenyewe. Nikafungua mlango. Nikaita. Hakuna mtu. Nikadhani unanichezea, nikaacha mlango wazi na ndoo ya maji uani, nikakaa kitandani nikungoje mpaka usingizi ukanichukua.

Asubuhi ndoo haina kitu. Na umeniachia tope kizingitini, tope jeusi la mtoni, na hapa hapajanyesha tangu mwezi uliopita.

Kama una haraka na mwanamume, sema. Sikukatazi. Lakini kuoga maji yangu na kuondoka bila salamu, hapana.

Bibi yako

25 Aprili

Shikamoo Bibi,

Dereva wa lori anakuja sasa hivi, nakuandikia mbiombio.

Sijafika huko, Bibi. Sijatoka mjini. Pikipiki iko hapa mbele yangu juu ya makreti, injini nimeshairudisha ila haijawahi kuwaka. Mnyororo wake wa zamani ulikatika vipande nilipoushika, na mpya niliouagiza haujafika. Haina mnyororo.

Nakuomba umwambie Mama Vifungo alale kwako. Jumamosi napanda basi nije.

Mjukuu wako

27 Aprili

Mke mwenzangu mpenzi,

Hujambo? Umekula? Najua hujala, ukiwa na hofu huli, umetoka kwa mama yako hivyo hivyo. Mimi mzima kuliko mwaka jana. Magoti hata sijui yamekwenda wapi.

Mama Vifungo alilala hapa siku mbili, akakoroma, nimemrudisha kwake. Hapa anaandika huku anatazama mlango. Wewe, acha kutazama, utakosea herufi. Ameiandika na hiyo, mjinga huyu.

Usije Jumamosi kwa kukimbia. Njoo siku ukiwa na nafasi, ulete na ile sabuni, imekwisha haraka. Mimi sitishiki, mwanangu. Nilitishika siku zile nilipokuwa nasikia inanyamaza darajani. Sasa hainyamazi darajani.

Mnyororo ukifika uufunge vizuri, uutie mafuta. Hakuna haraka, yeye anakuja nao wake.

Tope sijalifagia.

Bibi yako