Ukurasa Wako Bado Haujanywewa Chai

Wambui wangu,

Sikujulii hali, maana jibu sitalipata. Nakuandikia hapa hapa ofisini Buruburu, kwenye ile meza yetu yenye mguu mmoja mfupi, na kile kipande cha mbao ulichoomba kwa wachongaji bado kiko chini yake. Ni Jumamosi asubuhi. Maji ya mfereji yamepotea kama kawaida, na fundi wa redio huko chini amefungulia muziki mpaka vikombe vinatetemeka. Yaani kila kitu kiko vile ulivyokiacha. Hiyo ndiyo shida yangu, Wambo. Kila kitu kiko vile ulivyokiacha, na mimi nimefungiwa humo ndani.

Wacha nikueleze pole pole, usije ukasema nimeanza kulia kabla ya habari.

Unaukumbuka ule ukurasa wa intaneti uliokuwa unawatengenezea wachongaji wa mjomba wangu Kioko, kule karakana ya Baba Dogo, ili wanunuzi wa ng'ambo wawaone twiga na ndovu wao wa mti bila kupitia kwa madalali. Uliufikisha mahali siku moja mvua ikinyesha, ukanyoosha mgongo mpaka mifupa ikalia, ukasema, "Mwikali, kesho tunaunywea chai." Kesho yake hukuja. Nikasema ni mafua, huyu naye anapenda kudeka. Kumbe ni malaria, na wiki haikuisha ikawa imekupanda kichwani. Tukajikuta tumekaa kwenye viti vya kukodi nje kwa mama yako mtaa wa Umoja, tunapanga safari ya kukupeleka Murang'a kuzikwa. Chai ile haikunywewa.

Tangu hapo hakuna mtu anayekunywa chai na mimi kwa njia yetu. Nani ataielewa? Nikimwambia mtu kwamba sisi wawili tulikosoana kazi kwa funda la chai, anadhani natania. Na si wewe uliyeitoa kwenu? Mama yako alipowagombeza mkiwa wadogo, alimwambia mwenye makosa apige funda la maji na asilimeze mpaka yeye amalize kusema, ili asijibiwe. Wewe ukaileta hapa ofisini, ukabadilisha maji yakawa chai. Mwenye ukurasa anafunga chai mdomoni, mwenzake anakaa mbele ya kompyuta na kusema. Kwanza aseme anachokiona, basi, bila kupamba. Halafu aseme ni wapi panamuuma mgeni anayeufungua. Mwisho aseme ungekuwa wake angefanyaje. Na maneno mawili yalipigwa marufuku kabisa, "nzuri" na "mbaya." Ukitamka moja, unachukua mtungi unashuka ngazi kuteka maji kwa jirani.

Ai, ulinichoma mwiba wewe! Ule ukurasa wangu wa kwanza, wa shule ya ushonaji, nilijaza mawingu nyuma na maandishi ya njano juu yake, nikajiona fundi. Ukakaa hapo umekunja uso kama daktari. "Naona mawingu. Naona njano juu ya mawingu. Naona msichana anayetaka kujua masomo yanaanza lini, na anadhani macho yake ndiyo yameharibika." Nikacheka, chai ikanitoka puani, ikaingia kwenye kibodi. Herufi ya K inakwama hadi leo. Nilikukasirikia siku nzima, na jioni nikayatoa mawingu, na ulikuwa umesema kweli tupu.

Sasa sikiliza. Siku tuliyokaa kupanga mazishi, mjomba Kioko alisimama na kofia mkononi akasema kazi ya mwisho ya mtoto wetu iwekwe intaneti vile ilivyo, isiguswe hata nukta. Watu wakasema amina. Hata mimi nilisema amina, ningesemaje? Nikaja nikauweka na macho yamevimba. Sikuwaambia kwamba ulikuwa haujaisha. Nani alikuwa na nafasi ya kusikia habari za ukurasa usioisha, na wewe uko mochari?

Mama yako naye akaanza kuja. Kila Jumapili, ibada ikiisha, anapanda ngazi zetu na Biblia kwenye mkoba, anakaa kwenye kiti chako na kuniambia, "Nifungulie mtoto." Ninapiga simu ya intaneti, modemu inalia kilio chake, tunangoja. Unaijua ile picha, ile uliyopigwa uani kwa wachongaji umemkumbatia twiga anayekupita urefu, vumbi la mbao limejaa nywele. Imekijaza kioo kizima cha kompyuta, na ni nzito kama jiwe la kusagia. Basi inashuka kidogo kidogo, ukanda kwa ukanda. Kichwa cha twiga. Nywele zako. Paji la uso. Mama ananishika mkono: "Subiri, anakuja." Macho yanatokea. Mpaka meno yatokee, chai yake imepoa. Halafu anakutazama, anashukuru, anaenda zake. Na mimi nabaki hapa nimekaa na wewe, huondoki, hunisemeshi.

Wambo, ukurasa haufunguki. Wacha nikuambie tu. Yule mnunuzi wa ng'ambo aliyekuwa akimsumbua mjomba kwa barua aliandika kwamba amejaribu zaidi ya mara moja, ameona kichwa cha twiga na nywele za mtu, laini ikakatika. Akauliza vinyago viko wapi. Anasema asipoviona kabla ya mwezi huu kuisha, atanunua kwingine. Nikampelekea mjomba habari hiyo hadi Baba Dogo. Uani hakuna sauti ya tezo, watu wamekaa juu ya magogo wanacheza drafti. Wawili wamerudi kwao Wamunyu kulima. Mjomba mwenyewe alikuwa ananoa tezo ambayo ilikuwa na makali tayari. Nikamwambia ukurasa lazima urekebishwe. Alinitazama kama nimetukana. "Mwikali, utamkosoa marehemu na kaburi halijakauka? Na mama yake je? Unataka kumzika mtoto wake mara ya pili?"

Nikiugusa mimi ni mchawi, nisipougusa mimi ni mchawi vile vile. Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia nikiwa nimekukasirikia wewe. Ndiyo, wewe! Kwa nini ukafa kabla ya chai?

Na usidhani kazi zangu zinaendelea sawa. Tangu uende, kila ninachotengeneza ni "nzuri." Watu wananihurumia, wananiambia nzuri kabla hata haijafunguka. Hapo nyuma nilimaliza kazi ya mama mmoja wa saluni ya hapa hapa Buruburu. Nzuri! Akawaonyesha wateja wake, nzuri! Imekaa wiki na wiki, ndipo nikagundua sikuandika nambari ya simu popote. Ungekuwepo wewe ungesema, "Naona nywele. Sioni mlango." Aki nilitamani mtu anichome mwiba hata mmoja. Sifa zimenizunguka pande zote kama ukuta wa ploti, na sina mlango wa kutokea.

Jumapili iliyopita nikachoka. Mama alikuja, nikampa chai, nikasema laini ya simu ina shida. Nilisema uongo nikiwa nimesimama, na mama yako si wa kudanganywa na mtu aliyesimama. Akaniuliza, "Kuna neno?" Nikaanza kuzunguka, ooh ukurasa, ooh mjomba, ooh mnunuzi. Akaniangalia. Kisha, Wambo, akachukua kikombe, akapiga funda, akafunga mdomo. Mashavu yakajaa. Akanikazia macho hivi, kwamba sema.

Nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia. Nikasema naona picha ambayo watu wa mbali hawawezi kuingoja. Naona wachongaji wamekaa juu ya magogo. Halafu nikamwambia lile nililokuwa nimelificha miezi yote hii, kwamba picha ile hukuiweka ikae. Picha za vinyago zilikuwa bado ziko studio zinasafishwa, na wewe uliniambia kwa mdomo wako, "Nimejikalisha hapa kidogo, niwashikie kiti." Kama unavyomwekea mtu nafasi kanisani kwa kuweka kitambaa. Zilipotoka studio, wewe ulikuwa umeshatoka duniani. Ziko kwenye droo, zote, na twiga wamo na ndovu wamo.

Machozi yalikuwa yanamteremka na mdomo umefungwa vile vile, na mashavu yamefura. Ningeweza kucheka, kama singekuwa nalia. Nilipomaliza akameza. Akasema, "Kwa hiyo mtoto wangu amekalia kiti cha watu muda wote huu, na hakuna aliyemwambia ainuke?"

Nikasema, "Nilidhani ni wewe, mama, hutaki atoke."

"Na mimi nilidhani ni wewe hutaki. Nilikuwa nakuja usikae hapa peke yako na ile picha." Akajifuta kwa leso. "Na yale maandishi mekundu yanayowaka na kuzima, hayo yananiumiza kichwa tangu siku ya kwanza. Nikasema labda ndiyo kompyuta."

Tulicheka mpaka fundi wa redio akapunguza sauti kusikiliza. Mama akasema mjomba Kioko nimwachie yeye, watazungumza kama wazee. Lakini nilipoinuka niende kwenye kompyuta akanizuia. "Hapana. Mwambie mwenyewe kwanza. Mtu hakosolewi kazi yake kwa mgongo. Mimi sikuwalea hivyo."

Ndiyo maana nakuandikia. Nimechemsha chai, ya kwako imejaa tangawizi vile unavyoitaka, na nimeiweka upande wako. Piga funda, Wambui. Usimeze.

Naona weusi kioo kizima. Naona maandishi mekundu juu ya weusi, na neno "Karibuni" linawaka na kuzima. Naona msichana amemkumbatia twiga. Naona nafasi za vinyago, tupu, zimejificha nyuma yake, kurasa mbili mbele. Naona chini ya kila nafasi umeacha mahali pa jina la mchongaji na mti alioutumia, jambo ambalo madalali hawajawahi kulifanya, na hapo neno lile la marufuku nusura linitoke.

Panapouma ni hapa. Mgeni anaambiwa karibu, na mlango hauonekani. Anangoja, na anayetokea si yule aliyemjia. Yule msichana anacheka vizuri mno, mtu hawezi kumwambia asogee, basi watu wote wamesimama nyuma yake kimya na kazi zao mikononi. Na mimi niko nao pale, Wambo, nimesimama nyuma yako. Nimechoka kusimama.

Ungekuwa wangu ningeweka weupe, na maandishi meusi yasiyochezacheza. Ningeweka vinyago mbele, vidogo, vya kufunguka kabla mtu hajaguna. Mahali pa majina ya wachongaji ningepaacha vile ulivyopapanga, hata nukta nisiguse. Na yule msichana ningemwambia, asante kwa kushika kiti, wenyewe wamefika. Ningemhamishia ule ukurasa wa mwisho unaoeleza ukurasa umetengenezwa na nani, picha ndogo kama ya kitambulisho. Mama ameshanionya kwamba picha ikiwa ndogo utakuja mbio mbio, hatapata nafasi ya kukungoja. Lakini atakuja tu Jumapili, na tutanywa chai ikiwa ya moto.

Nami nakuahidi hili: hakuna ukurasa wangu utakaotoka humu bila kunywewa chai. Mama amekubali kukaa kwenye kiti chako. Ameanza na ule wa saluni, na sikuachiwa hata uzi. Nilifunga chai mdomoni mpaka taya likauma, na nilifurahi kama mtoto.

Nimemaliza. Nikishaweka kalamu chini ndipo nitaanza, na leo hii hii mnunuzi ataandikiwa. Kwaheri, rafiki yangu. Nenda ukapumzike, hakuna kiti cha kumshikia mtu tena.

Picha yako ni nzuri, Wambui. Ni nzuri, nzuri, nzuri. Haya, nimelisema. Mtungi uko mlangoni, nashuka kuteka maji. Meza chai yako.

Mwikali