Kwa Nini Nilimkatalia Bwana Lescure

Paris, 14 Novemba 1986

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti linakupa nafuu kwa baridi hii. Mimi sijambo, ila mafua. Jibini uliyompa dada Maryvonne aniletee ilifika salama, na kwa harufu yake jengo zima lilijua imefika.

Umeniuliza kama ni kweli wanayosema huko kwenye duka la mikate, kwamba nimefukuzwa kwenye filamu kwa sababu ya uzee. Waambie nimekataa mwenyewe. Uzee upo, lakini haujawahi kuninyima kazi, maana hakuna aliyewahi kulipa kiingilio aje kuona uzuri wangu.

Baada ya miaka tisa ya kumwigiza Bi Turpin kwenye televisheni, tuliambiwa huyo bawabu wetu mwenye domo atatengenezewa filamu ya sinema. Mama, nililia kwa furaha. Tangu ujana nimecheza vijakazi na mama wakwe, na safari hii jina langu lingekaa juu kabisa ya bango. Kisha mwongozaji, Bwana Lescure, akanipa maneno mapya. Bi Turpin amekuwa mlevi, analala kwenye ngazi, wapangaji wanamruka. Halafu kijana mmoja anamzaba kibao, na hapo ndipo watu wacheke. Nikamwambia Bi Turpin hanywi. Akaniuliza, kwa upole tu, mimi nimejuaje, na huyo ni mtu wa kwenye karatasi. Nikachukua koti langu, nikaondoka. Wakala wangu anasema bango jingine nisahau, na huenda asemavyo ni kweli.

Jibu nakupa wewe. Ni nani asiyevumilia kuona mkate umelala kifudifudi mezani, eti unaita mikosi, akaugeuza hata kwenye nyumba za watu? Nani hufunga mlango, akarudi kuujaribu, kisha akaugombeza mlango? Bi Turpin ni wewe, Mama. Nchi nzima imekucheka kila Jumamosi, nawe ukicheka nao. Mwaka juzi uliniuliza kama mwanamke yule hana mtoto wa kumwambia anyamaze. Anaye. Kumcheka, ameruhusu. Kumpiga, hapana.

Ukitaka kununa, nuna, ila usiache kuniandikia. Nisalimie Maryvonne na wanawe. Nakuja Krismasi, na kwa kuwa filamu hakuna, nitakaa mpaka unichoke.

Mwanao akupendaye sana,
Ghislaine