Boliti za Plau Zisizopita Motoni

Baba Marwa, Bwana asifiwe. Kifua kimeachia, au bado unakohoa? Mimi huku Genkuru kwa dada ni mzima, namshukuru Mungu, ila boliti za plau tulizokubaliana nilete zimeninyima raha. Fundi anazitengeneza bila moto kabisa! Anaingiza fimbo ya chuma ikiwa baridi, mashine inaikata, inaigonga mpaka inaota kichwa, halafu inaibana kuichora mistari ya kufungia nati. Nikaokota moja, ikaniunguza vidole.

“Moto umeuficha wapi?” nikamuuliza.

Akacheka. “Mama, chuma kikibanwa hivyo kinachemka chenyewe. Zunguka utafute.”

Nikazunguka banda lote, hata jivu sikuona. Akaipiga moja nyundo, ikapinda bila kukatika. Lakini aliichagua yeye, na nyundo aliishika yeye. Mvua zimeanza, plau ikitukatikia shambani tutakula nini? Kwa hiyo nimenunua moja tu, shemeji ataifunga kwenye plau yake kesho.

“Yaani mimi ndiye wa kujaribiwa?” ananilalamikia.

Shamba lake lina mawe, nami nitatembea nyuma yake nikiiangalia na kuomba. Isipokatika nitanunua zilizobaki nije tulime, kwa hiyo wewe usimwazime mtu ng'ombe wetu. Tafadhali nijibu upesi.

Mama Marwa