Mkono Uliokunja Mpira

Machakos mjini, nyuma ya soko

Kwa dada yangu Mwanaisha,

Amani ikufikie hapo Majengo, wewe na wote walio chini ya dari yako. Magoti yako vipi? Nimesikia kwamba ngazi zimekushinda na sasa unalala chumba cha chini. Nimefurahi, maana tulikuambia zamani ukatufukuza kama kuku. Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia una malengelenge na kichwa kimejaa maswali. Malengelenge yatapona.

Uliuliza mashine ya kuchomelea ya marehemu shemeji inaendeleaje. Swali dogo, jibu refu, nivumilie.

Umeishi na fundi miaka mingi, lakini sijui kama aliwahi kukueleza tochi yake ilivyo. Moto wake ni mwembamba na mkali mno, unatoka kwenye sindano ya madini ya tangsteni huku gesi ikiuzunguka, na bila maji ya kuipoza ingemwivia mtu mkononi. Maji huingia kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine, na ndani ya huo wa kurudi ndimo ulimolala waya wa umeme wenyewe. Waya ni mwembamba kwa sababu unategemea maji kupozwa. Maji yakisimama, waya unaupika mpira. Ndiyo maana marehemu alikuwa hawashi umeme kabla ya kuona maji yanatoka upande wa pili, na akimaliza kazi huyaacha yaendelee kupita mpaka tochi ipoe.

Kule bandarini alikofanya kazi, maji yake yalizungushwa na pampu. Pampu haikuja huku. Kwa hiyo mimi na Musyoka, mwenye karakana, tuliunga tochi kwenye mfereji, na mpira wa kurudi tukaupitisha kwenye tundu la ukuta, maji yakamwagike nje uani. Siku mfereji ukitoka tunachomelea stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Usipotoka tunatengeneza milango na madirisha kwa mashine ya kawaida.

Sasa elewa huku kukoje. Mvua imewakimbia watu msimu wa pili. Foleni ya kioski cha maji inaanzia kwenye duka la mbolea na kupinda kona. Katika mji wa namna hiyo mimi nachimba tundu ukutani na kumwaga maji safi mchangani! Siku ya kwanza tu jirani yetu Mama Mutheu, muuza mboga, akasimama mlangoni na mtungi wake wa kijani, ule anaouziba kwa gunzi la mahindi.

"Wewe mtu wa pwani unamwaga maji kama uko na bahari nyuma ya nyumba. Hebu tupee hiyo mwisho ya mpira."

"Chukueni, lakini msinywe. Yamepita kwenye shaba."

"Kwani nimekuambia niko na kiu? Ni ya kufua na kumwagia sukuma wiki."

Wakaja wanawake wengine, na kila siku ya maji nikawa nawasikia nje wakicheka na kusengenyana kwa Kikamba. Nilifurahi, dada. Unajua barua nilizoandika gazetini kuhusu maji ya mji huu, na jinsi baraza la mji linavyonichukia. Nikajiambia, angalau nyuma ya ukuta wangu hakuna anayenyimwa.

Kisha tochi ikaanza wazimu. Tulikuwa na kazi ya sufuria kubwa za shule moja ya bweni upande wa Mitaboni. Naanza mshono, unatoka mzuri, unang'aa kama sarafu mpya. Katikati, ghafla, mkono wa tochi unapata moto hadi nauhisi ndani ya glavu, na mshono unaharibika. Nazima, natoka kutazama, maji yanatiririka kama kawaida. Narudi, nawasha, tochi ni baridi. Baada ya muda, moto tena.

Nikafungua kila kiungo. Maji ya huku yana chumvi na mchanga, kwa hiyo nikasafisha chujio, nikaipitishia tochi siki ili itoe magamba, nikakaza vibanio, nikabadilisha sindano. Kila asubuhi, umeme ukiwa umezimwa, niliweka kopo kwenye mwisho wa mpira kutazama linavyojaa. Lilijaa vizuri. Moto ukaendelea kuja na kuondoka bila mpangilio, na mimi, kwa kuwa sikumjua adui, nikapigana na kila aliyekuwa karibu. Muuza gesi nilimwambia ametuuzia hewa ya barabarani. Ofisi ya maji niliwapelekea barua kwamba wanapunguza nguvu ya maji kwa siri. Hata marehemu, Mungu anisamehe, nilimnung'unikia.

Musyoka alikaa juu ya ndoo akanitazama. "Athumani, wewe hata mbu ikikuuma unaandikia gazeti."

"Na wewe hata ukiibiwa suruali uliyovaa utasema ni upepo."

"Sawa. Lakini upepo haijawahi kunipeleka kotini."

Jumanne iliyopita nilikuwa nimeinama ndani ya sufuria ya mwisho. Tochi ikapata moto. Badala ya kuzima nikasema nimalizie kidogo tu. Mpira ukapasuka karibu na mkono wangu, maji ya moto yakaniingia ndani ya glavu, na umeme ukanipiga hadi begani. Nilijikuta nimekaa chini. Musyoka alikimbilia swichi kabla hajanigusa, na kwa hilo peke yake namsamehe ubishi wake wote.

Nikatoka nje na barakoa kichwani, nikitafuta wa kumrarua. Na pale, dada, nikaona. Mama Mutheu amechuchumaa, mwisho wa mpira ameukunja mara mbili ndani ya ngumi yake, ameubana kabisa, anamngoja mwenzake Kalekye aondoe mtungi uliojaa na kuweka mwingine. Hata tone moja lisianguke. Aliponiona alitabasamu.

"Ngoja kidogo, fundi, Kalekye anaweka yake."

Ndilo jibu nililolitafuta kwa majuma. Kila mtungi ulipojaa, mkono ule ulifunga maji, na mimi ndani nilikuwa natafuta mwizi kwenye ofisi za serikali.

Nilipiga kelele, Mwanaisha. Unaijua sauti yangu. "Mnataka kuniua! Wauaji wakubwa nyinyi!" Soko zima liligeuka. Sikueleza habari ya waya ulio ndani ya maji, wala kwamba umeme huo ungeweza siku moja kumfikia yeye mwenyewe, aliye peku juu ya matope. Nilitukana tu.

Mama Mutheu alikunjua mpira, akauweka chini taratibu. Akainua mtungi wake wa kijani, uliokuwa umejaa, akaingia nao karakana, akamimina kwenye pipa letu hadi tone la mwisho. "Hesabu kama imebaki," akasema. Kisha akavaa kichwani mukwa, ule ukanda wanaobebea mizigo, akaondoka na mtungi mtupu mgongoni. Wenzake wakamfuata.

Mimi nimezoea kujua adui yangu ni nani. Nimesoma, nimebishana na wenye vyeo, na daima kulikuwa na upande wangu na upande wao. Huyu nimweke upande gani? Mkono wake ulinichoma kwa sababu haukutaka kupoteza tone la maji, na mimi ndiye niliyejaza kurasa za gazeti nikiwafokea wakubwa wanaopoteza maji. Naligeuza jambo hili asubuhi na jioni, sioni mlango.

Siku iliyofuata nilimtuma Musyoka akawaambie waje wachote mferejini, moja kwa moja, kabla maji hayajafika kwenye tochi. Hatari hakuna, na maji ni safi zaidi. Alirudi akikuna kichwa.

"Amekataa. Anasema maji ya mfereji iko na mwenyewe. Ile walikuwa wanachota ilikuwa ya mchanga."

"Lakini ni maji yale yale!"

"Mwambie wewe. Mimi nimechoka kupeleka hotuba."

Maji yale yale, dada! Yakiwa hayajapita kwenye tochi ni sadaka, na yeye si ombaomba. Yakishapita, ni kitu kilichotupwa na yeye amekiokota kwa haki yake. Nimetafuta hoja ya kumshinda, sijaipata. Mbaya zaidi, nadhani ana haki.

Basi nikafanya ninaloliweza kwa mikono. Nimefunga mpira mpya, na sasa haufiki nje. Unaishia juu ya pipa lililo wazi, na kati ya mpira na maji ya pipa kuna nafasi ya shubiri nzima, umeme usipate njia ya kushuka. Pembeni mwa pipa, chini kidogo ya mdomo, nimechomelea bomba linalopeleka nje maji yanayozidi. Nje wakiziba bomba, wakifungua, maji ya pipa yatapanda na kushuka tu, na tochi haitajua. Fundi yeyote ataniambia ninunue pampu niyazungushe maji humo humo. Najua. Lakini nikiyazungusha, huko nje hapati mtu kitu.

Ila hakuna aliyekuja. Siku zote za maji juma hili bomba limemwaga mchangani, na mimi ndani nachomelea mishono mizuri kuliko yote niliyowahi kuchomelea, nikisikiliza maji yakipotea. Nimeandika barua kwa mawaziri bila kufuta neno, lakini hili la kumwambia muuza mboga sijui lianzie wapi. Wewe ulikuwa ukijua namna ya kumrudisha mtu niliyemkasirisha. Nifundishe.

Nisalimie Mama Mkubwa Rukia, aliyetulea wote kwa fimbo na visheti. Mwambie bado namwogopa. Msalimie Mjomba Saidi, na umwambie kuhusu uchaguzi ule tuliobishania nilisema kweli. Na watoto wa marehemu, waambie tochi ya baba yao ni nzima.

Ni mimi mdogo wako asiyejua kunyamaza,
Athumani

Nilikuwa sijafunga bahasha. Asubuhi hii mfereji umetoka, nikawasha mashine. Katikati ya mshono niliona maji ndani ya pipa yakipanda polepole kuelekea mdomoni, yakasimama, kisha yakashuka. Baadaye yakapanda tena. Sikuzima, sikutoka nje. Kwenye upenyo wa ukuta niliona gunzi la mahindi limewekwa juu ya jiwe, likingoja mtungi ujae. Tochi mkononi mwangu ilikuwa baridi.